Sisimizi na Kompyuta ya Marehemu Betram

Sisimizi mia nane wa chuma, kila mmoja sawa na chembe ya chumvi, walitoka kwenye kichupa wakaingia ndani ya kompyuta mpakato kupitia tundu la feni. Mhandisi Siwema Ngalapa alibana pumzi. Hakuna mtu katika jiji zima la Ifakara aliyewahi kuisoma kompyuta iliyokufa bila kuifungua.

Na kuifungua kusingesaidia kitu. Mafundi wa zamani, Mungu awasamehe, walilehemu hifadhi ya data moja kwa moja kwenye ubao mama, kisha ufunguo wa kuisomea wakauficha ndani ya kichakataji. Ukiing'oa hifadhi, umeupoteza ufunguo. Dawa ni kuuamsha ubao wote kwa dakika kumi, mara moja tu, sisimizi wakipitisha umeme palipokatika. Uchafu waliukusanya kwenye kisahani, ambacho kila baada ya dakika mbili kilijimwaga kwenye tanuri, maana vumbi la betri kuukuu ni sumu. Yote yalikuwa ndani ya sanduku la kioo lililofungwa, yakiendeshwa kwa swichi moja. Siwema alikuwa amebana matumizi ya waya.

Bi Gaudensia alikaa mbele ya sanduku hilo, mikono mapajani. Miaka sita nyuma mafuriko yalimchukua mumewe Betram, mtafiti, siku moja baada ya kulichukua ghala la mpunga wake uliovumilia kuzama siku ishirini. Tangu hapo mpunga wa bonde zima ulioza kila masika. Siri ya mbegu ile ilikuwa humu.

"Imewaka!" Siwema alipiga kelele. "Mama, imewaka! Maandishi haya hapa, na sauti alizojirekodi mumeo zinafuata."

Alisoma ukurasa wa mwisho. "'Ghala limekwenda. Mbegu iliyobaki yote ni ile ya ndoo nyeupe, darini jikoni. Bila hiyo siwezi kuanza tena.'"

Bi Gaudensia alishika mdomo.

"Mama, ndoo iko wapi?"

"Kompyuta ilipookotwa majini, watu waliniambia niifukie kwenye mpunga, unanyonya maji. Nikaifukia kwenye ndoo hiyo." "Mpunga wenyewe nikaukoboa, mwanangu. Tuliupika kwenye arobaini yake. Watu walishiba."

Siwema aligeukia sanduku. Ndipo alipoona sisimizi arobaini wakitoka kwenye tundu la feni, wakiburura kitu cha rangi ya dhahabu hadi kisahanini. Punje ya mpunga, bado na ganda lake. Nyuma yake nyingine.

"Sekunde kumi na mbili tanuri linafunguka," alisema. "Nikizima, ubao hauamki tena. Sauti zake bado hazijasomwa, mama."

"Zima."

"Mama..."

"Zima, nimekwambia!"

Siwema alizima. Kioo kikawa cheusi. Punje zilikuwa saba. Bi Gaudensia alizifumbata, na ngumi hiyo hakuifungua mpaka amefika kwake Mlimba.

Siku ya tano alipiga simu, hata salamu hakutoa.

"Mbili, mwanangu! Mbili zimeota!"

Siwema aliruka kama mtoto.

"Ile sauti yake," aliuliza Bi Gaudensia, "haikubaki hata kidogo?"

"Haikubaki, mama."

"Haya. Basi njoo uzione."