Njuga za Ua Jeupe

"Usiguse hiyo!"

Tavian alirudisha mkono haraka. Bastola ya gundi ilikuwa mezani, ikidondosha tone moja la moto juu ya gazeti.

"Nilitaka kuona inavyofanya kazi."

"Inaunguza vidole. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi," Marisela alisema bila kuinua macho kutoka kwenye utepe aliokuwa anaukunja. "Na vidole vyako vya kurushia mpira mji mzima unavitegemea."

"Ulivitegemea. Siku hizi mji mzima unavisema vibaya."

Maneno mazuri ya Marisela yalimjia siku zote mtu akishaondoka. Aliendelea kukunja utepe.

Kila Oktoba meza ya jikoni kwao ilipotea chini ya maua. Maua ya kitambaa, kila moja upana wa sahani, yenye tepe za kushuka hadi magotini, vidubu vya manyoya katikati, na njuga ndogo zilizofungwa kwenye ncha za tepe. Ijumaa ile wahitimu wa zamani wanaporudi mjini Callis kutazama mechi ya futiboli ya Kimarekani, kila mvulana humvalisha msichana wake ua la namna hiyo, naye hushinda nalo shuleni, njuga zikilia kwa kila hatua. Karibu yote yalitoka mezani kwa Marisela na mama yake.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuvalishwa hata moja. Miaka mitatu wavulana walimwambia jambo lile lile, tena wakicheka: "Wewe si unayo mengi nyumbani?"

Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

"Nimekuja kuagiza," Tavian alisema.

Mkono wa Marisela ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Rangi gani?"

"Nyeupe na fedha."

Nyeupe na fedha huvaliwa na wasichana wa mwaka wa mwisho peke yao. Marisela aliandika kwenye daftari. Shule nzima ilishasema kwamba Tavian atamvalisha Kenlee, kiongozi wa washangiliaji, yule aliyesimama naye kwenye kila picha ya gazeti.

"Njuga ngapi?"

"Nyingi. Nataka asikike akiwa bado kule kona."

"Jina?"

"Jina uliache kwanza."

Hilo nalo akaliandika: jina, bado.

"Huulizi ni la nani?"

"Si kazi yangu kuuliza."

Tavian alitazama mlango. Marisela aligeuka kuchukua mkasi, na kiwiko chake kikaligonga kopo la njuga. Likaanguka nyuma ya Tavian. Kwa kishindo kile Tavian aliruka, akageuka, mabega juu, na kabla njuga ya mwisho haijaacha kubiringika alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea mlangoni.

"Ndivyo ulivyofanya kwenye mechi ya Ijumaa iliyopita," Marisela alisema.

"Nini?"

Uso ulimwaka moto, lakini kuzitazama njuga sakafuni kulikuwa rahisi kuliko kumtazama yeye, akaendelea. "Robo ya tatu. Hakuna adui aliyekuwa karibu nawe. Ulisikia vurugu, ukageuka kuangalia, ukakimbia. Mpokeaji wako alikuwa peke yake kule mbele, anapunga mikono kama anasimamisha lori."

Tavian alichuchumaa, akaanza kuokota njuga moja moja.

"Kocha ananipigia kelele kila siku. Kaa mfukoni, Roquemore! Kaa mfukoni! Kama vile mfuko ni sofa."

Mfuko ndio ile nafasi ndogo nyuma ya wazuiaji watano. Wao wanapigana mwereka na maadui, na mrushaji ndani yake ana kama sekunde tatu za kutazama mbali, kuchagua mtu na kurusha mpira. Mwaka jana mfuko wa Tavian ulipasuka upande wa kushoto, upande ambao mrushaji akijipanga kurusha anaupa mgongo. Alivunjika mtulinga. Na aliyekuwa analinda upande ule ni Beto, mdogo wake Marisela.

"Ijumaa hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho," Tavian alisema, bado amechuchumaa. "Kocha Hadley kaniambia leo. Nikikimbia tena bila sababu, yule dogo Wyeth anarusha badala yangu hadi msimu uishe. Na baada ya msimu huu mimi sina mwingine."

Alikuwa na njuga kiganjani, na kila alipopumua zililia kidogo.

"Huwezi kuzuia masikio," Marisela alisema polepole. "Lakini unaweza kusikia bila kugeuka."

*

Kesho yake jioni, kati ya kamba ya nguo na kibanda cha vifaa, Beto alisimama upande wa kushoto na njuga nane kila kifundo cha mguu. Binamu yao Chuy alisimama na zake upande wa kulia.

"Dada, ninafanana na farasi wa kuvuta gari la Krismasi."

"Farasi ni mwembamba," mama yao, Bi Trejo, alisema kutoka dirishani.

"Mama!"

Beto alikuwa mdogo kwa umri tu. Mlangoni alipita ubavu.

Marisela alisimama hatua ishirini mbele akiwa na vipande vya boksi vilivyoandikwa namba. "Wao wanakuja. Mimi ninainua namba. Wewe unitazame mimi." Alisikia alichosema. "Yaani, utazame namba."

"Nimeelewa," Tavian alisema. "Nikutazame."

"Namba!"

Beto na Chuy walitazamana.

Mara ya kwanza njuga zilipolia Tavian aligeuka.

"Namba gani?"

"Sijaiona."

Mara ya pili alikimbilia kwenye kamba ya nguo akarudi na shuka la Bi Trejo kichwani. Mara ya sita alisimama, lakini akafumba macho.

"Kaka, umelala?" Chuy aliuliza.

"Ninasikiliza!"

"Sikiliza macho wazi," Marisela alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika hadi kule alikokuwa amesimama Tavian.

Jumanne alianza kutambua njuga za Beto na za Chuy. Jumatano zililia kushoto, karibu kabisa, na Tavian hakugeuka. Alipiga hatua moja ndogo mbele, Beto akapita nyuma yake kama gari lililokosa breki.

"Saba!" Tavian alipaza sauti. "Ni saba!"

"Ni saba," Marisela alisema, akilificha tabasamu lake nyuma ya boksi.

Beto hakushangilia. Alikaa kwenye nyasi, akaanza kufungua njuga miguuni.

"Kaka, nikwambie kitu?"

"Sema."

"Mwaka jana niliteleza. Nyasi zilikuwa zimelowa. Sikukuacha kusudi."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungekuwa unasimama."

Tavian alienda akakaa kando yake kwenye nyasi.

"Kila nikiinua mkono kurusha," alisema, "nausikia ule mfupa. Si wewe ninayekukimbia, Beto. Ni ile sauti."

"Basi Ijumaa ukiisikia, ujue mimi niko kati yako na adui. Hata nikiteleza, nitamshika mguu kwa meno."

Marisela aliingia ndani kabla hawajaona anapangusa macho.

*

Ua lilikuwa tayari Alhamisi. Marisela alikuwa hajawahi kutengeneza zuri kama lile, na hilo lilimuuma. Njuga ishirini na nne, kila moja ameifunga kwa mkono. Utepe wa katikati ulikuwa mtupu.

"Niambie jina, nilibandike sasa hivi," alisema.

"Naomba unipe tu herufi zote." Tavian alikuwa ameshikilia boksi kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. "Na uniazime bastola ya gundi."

"Utaungua."

"Nitakuwa mwangalifu."

Kwa hiyo ninafichwa jina, Marisela aliwaza. Ananionea huruma. Alimpa trei ya herufi, akamfungulia mlango.

*

Ijumaa asubuhi shule nzima ililia njuga. Kenlee alipita na ua lake jeupe, anacheka, ameshikana mkono na mpiga tarumbeta wa bendi. Marisela alisimama katikati ya ukumbi. Ua lile hakulitengeneza yeye; basi la Tavian lilikuwa la nani?

Alitoa simu, akamwandikia Tavian.

"Umeshampa ua?"

"Bado."

"Saa nne hii. Anasubiri."

"Unajuaje kama anasubiri?"

Alizitazama zile herufi hadi kioo kikazima. Akakiwasha tena.

"Kila msichana anasubiri."

Jibu halikuja. Na siku nzima Tavian hakuonekana ukumbini.

*

Uwanjani jioni ile mama yake alimkabidhi Marisela sahani ya chipsi za mahindi zilizomwagiwa maharage na jibini.

"Kula, mama. Umepauka kama nguo ya juzi."

"Sina njaa."

"Mwenzako naye ana nini? Mbona mpira wake unayumba? Na hizo plasta vidoleni?"

Marisela alikuwa ameziona. Plasta mbili, mkono wa kulia, mkono wa kurushia. Mpira wa kwanza uliyumba. Wa pili ulianguka chini. Kocha Hadley alimwita Wyeth, akamwambia apashe misuli.

Lakini Tavian hakukimbia. Mrusho baada ya mrusho ukuta wa wazuiaji ulitikisika, helmeti yake ikabaki imetazama mbele. Hatua ndogo mbele, hatua ndogo kando, mpira unatoka. Wyeth alipasha misuli hadi akachoka, akakaa.

Zilibaki sekunde kumi na moja. Callis walikuwa nyuma kwa pointi tano, na nusu ya uwanja mbele yao.

Mpira ulipoanza tena, Marisela alijikuta amesimama, anahesabu. Moja. Kushoto, jitu namba tisini na moja la wapinzani wao, Harlow, lilimgonga Beto kifuani. Mbili. Mguu wa Beto ukateleza.

"Ee Mungu wangu," mama yake alisema.

Beto alianguka goti moja, akalikumbatia lile jitu kiunoni, akang'ang'ania. Tavian hakuona. Hakugeuka kuona. Alipiga hatua moja mbele, fupi, ile ile ya kati ya kamba ya nguo na kibanda. Tatu. Akarusha.

Jitu likamwangukia wakati mpira umeshaondoka. Kule mbali mpokeaji aliudaka, akakimbia, akakimbia, akaangushwa hatua mbili kabla ya mstari wa kufungia. Saa ikasoma sufuri.

Callis walikuwa wamefungwa.

Tavian aliinuka taratibu, akashika bega, akalizungusha. Lilikuwa zima. Kisha akamwinua Beto, na wote wawili wakasimama vile, helmeti kwa helmeti, muda mrefu.

Marisela alishuka hadi kwenye uzio, akamsikia Kocha Hadley akipita.

"Roquemore. Jumatatu saa tisa. Usichelewe."

"Na Wyeth, Kocha?"

"Wyeth atakushikia maji."

Tavian aliinamisha kichwa. Alipokiinua alimwona Marisela.

"Nimekaa," alisema.

"Nimeona."

"Tumefungwa."

"Hilo nalo nimeliona."

Beto alikuja nyuma, jasho linamtiririka, akampiga Tavian mgongoni. "Kaka, kalilete. Nimeibeba siri yako tangu Septemba. Imenichosha kuliko lile jitu."

"Siri gani?" Marisela aliuliza.

Tavian alikwenda kwenye gari, akarudi na boksi. Alilifungua akiwa anatazama viatu vyake.

Katikati ya utepe herufi zilikuwa zimepanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Nyuzi za gundi zilitanda kila upande kama utando wa buibui. Moja ilikuwa imeungua ukingo. Lakini zilisomeka: MARISELA.

Alisoma. Akasoma tena.

"Nilitaka kukupa asubuhi," Tavian alisema haraka haraka. "Nilikuwa kwenye gari. Kila nikibandika moja, nyingine inaanguka. Halafu nikaona lilivyo baya, na wewe ndiye fundi, nikasema siwezi kumpelekea fundi kitu kama hiki. Nikaogopa. Basi."

"Hivyo vidole..."

"Gundi."

"Umecheza mechi nzima hivyo?"

"Ulisema inaunguza. Sikujua inaunguza kiasi hicho."

Marisela alitaka kucheka na kulia, na maneno yote mazuri yakajikusanya mahali yanapojikusanya siku zote, yakisubiri mtu aondoke. Na mtu alikuwa anaondoka kweli. Tavian alimwachia ua mikononi, akajikuna kisogo.

"Haya. Mimi niende nikaoge."

Akageuka, akaanza kutembea. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu.

Marisela alilitikisa ua.

Njuga ishirini na nne zililia kwa pamoja. Tavian alisimama palepale, mgongo wima, kichwa kimetazama mbele. Hakugeuka.

"Tavian," Marisela alisema, na sauti yake ilifika. "Hii ndiyo ya kugeuka."

Akageuka.

"Mvulana ndiye anayevalisha," alimwambia. "Miaka mitatu nimewapa watu maelekezo. Pini juu ya bega, upande wa kushoto."

Alirudi. Akaishika pini kwa vidole vyake vya plasta.

"Usimchome mwanangu!" Bi Trejo alipaza sauti kutoka kwenye ngazi za watazamaji.

"Sitamchoma, Mama Trejo!"

"Na kesho kuna dansi," Beto alinong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi langoni. "Muulize, kaka. Kaa mfukoni."

"Utakwenda na mimi?" Tavian aliuliza. Safari hii hakutazama mlango wala lango.

"Nitakwenda."

Pini ikafunga. Marisela alipiga hatua moja, akasimama, akasikiliza. Tangu utotoni alikuwa amefunga njuga zisizohesabika kwenye maua ya watu. Hakuwahi kujua zinavyosikika ukiwa umezivaa mwenyewe.

"Zinasikika?" aliuliza.

"Hadi kule kona," Tavian alisema.

Akapiga hatua nyingine.