Purnell Hakuitika

Haya yalimkuta rafiki yangu Purnell, wa Philadelphia, na sitii chumvi. Kati ya vijana wanne walioimba pamoja kwenye santuri yao ya mwaka 1958, aliyebaki hai ni yeye peke yake. Juzi kampuni ya muziki iliitoa upya, ikamletea nakala. Mkewe, Verlene, akaiweka kwenye gramafoni.

Ilianza kama zamani: Otha, aliyeimba besi, akiwaita wenzake wasogee kwenye maikrofoni yao moja.

"Wendell?"

"Nipo."

"Cleotis?"

"Nipo."

"Purnell?"

Kimya.

"Wamenifuta," Purnell alisema. "Mimi niliitika. Watu hawa siwaamini hata kidogo."

"Masikio yako hayo, mzee," Verlene akamtania, lakini akaitoa santuri ya zamani kabatini. Humo Purnell aliitika vizuri tu, kwa sauti ya ujana.

Wakairudia ile mpya. Wendell akaitika, Cleotis akaitika. "Purnell?" Kimya tena, sindano ikikwaruza. Purnell akainamia spika asikilize, kikohozi kikamshika.

"Msianze kwanza," Otha akasema ndani ya spika. "Namsikia anakohoa. Yuko karibu."