Tandiko Linalobana

Kila jioni, ndama wakishanyweshwa maziwa na zizi likishafagiliwa, binti aitwaye Signe Halvorsen alikwenda nyuma ya ghala kujining'iniza mtini. Hakwenda kucheza. Kwao, kaskazini ya jimbo la Wisconsin huko Marekani, alikuwa ametimiza umri wa kupanda mti na upinde wake mwenyewe ili kuvizia kulungu, na katika familia hiyo hakuna aliyepanda kabla baba hajaridhika naye.

Kifaa chenyewe wawindaji hukiita tandiko, ingawa farasi hayupo. Ni mkanda mpana wa kitambaa kigumu unaokumbatia nyonga na makalio. Mbele yake kuna kamba fupi iliyoungwa na kamba nene inayozunguka shina la mti. Ukikanyaga kibao kidogo na kujiachia nyuma, kamba hukushika, ukakaa umeuelekea mti. Baba yake, Mzee Arvid, alimfungia Signe tandiko kwenye mwaloni wa nyuma ya ghala, kibao kikiwa karibu kabisa na ardhi, ili alizoee kabla ya kwenda juu.

"Ukiweza kukaa humo tuli tangu tunapoanza kukamua mpaka ng'ombe wa mwisho," alimwambia, "ule mwaloni wa kando ya mahindi ni wako siku ya kufungua msimu wa kuwinda. Ukishindwa, atapanda Torsten."

Torsten alikuwa kaka yake, mvulana wa miaka kumi na mitano mwenye maneno mengi. Mwaloni ule aliutaka sana, maana kulungu wote wa bonde hupita chini yake.

Jioni ya kwanza Signe hakukaa hata ng'ombe wawili wakaisha. Tandiko lilimbana nyonga pande zote mbili.

"Baba, linaniuma! Hapa kwenye mifupa."

"Jamani, bibi harusi anataka mto!" alisema Torsten. "Nani ana mto wa manyoya?"

Baba alicheka. Ndiyo, naye alicheka! "Utazoea, mwanangu. Sote tulizoea."

"Basi niishushe hii kamba kidogo?"

"Usiguse fundo."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Babu yao aliwahi kuanguka mtini kwa fundo la mtu mwingine, na tangu siku hiyo mafundo yote yalifungwa na Baba peke yake. Hakuna aliyethubutu kuyagusa, wala kuuliza.

Signe alirudi ndani amefura kwa hasira. Amesema kweli, amechekwa. Ameomba ruhusa, amekatazwa. Sasa wanataka aseme nini? Jioni iliyofuata, Baba alipopita na ndoo na kumuuliza, "Vipi leo?" Signe aliuma meno, akajibu, "Safi kabisa."

"Naam! Huyo ndiye Halvorsen!" alisema Baba kwa furaha.

Hebu tazama mambo ya watu wazima. Ukweli ulimletea mtoto kicheko, uongo ukamletea sifa. Unadhani siku ya tatu alisema nini? Akasema safi. Na ya nne pia. Usiku alilala chali kwa sababu nyonga zilikuwa zimevilia damu. Mama yake alifanya kazi zamu ya jioni katika kiwanda cha jibini, kwa hiyo hakuona kitu, na Signe hakumwambia.

Jumamosi Baba alimpeleka kwenye mwaloni wa kando ya mahindi. Majani yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Baba alimfungia ngazi fupi shinani, akamfungia kamba juu, kisha akamwacha akae. Signe akakaa. Kwanza maumivu yalikuja, kisha moto, kisha ganzi. Hakutikisika. Alitaka mwaloni ule kuliko kitu chochote duniani.

"Vizuri! Shuka sasa," Baba aliita.

Signe alinyoosha mguu kutafuta ngazi. Mguu haukuwa wake. Aliteleza, akabembea, bega likagonga shina kwa kishindo. Kamba ilimshika, la sivyo tungekuwa tunasimulia mengine. Baba alipanda mbio, akamkumbatia na kumteremsha polepole.

"Si nilisema mimi?" Torsten alisema.

Baba alifuta jasho. "Hujawa tayari, Signe. Mwaloni ataupanda kaka yako."

Hapo Signe alilipuka. "Si haki! Siku ya kwanza nilikwambia linaniuma, ukacheka! Nikaomba nishushe kamba, ukakataa! Nilipoanza kusema uongo ndipo ukanisifu! Sasa unaninyang'anya mti?"

Mama, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa anakuja kutoka nyumbani na kikapu chenye chupa ya kahawa na mkate wa soseji ya kulungu. Alisikia kila neno. Aliweka kikapu chini, akamvuta Signe kando na kutazama nyonga zake. Zilikuwa nyeusi kama zabibu.

Mama aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Arvid, lifunge hapa chini. Kamba iwe vilevile ulivyomfungia kule ghalani. Nataka kulikalia mimi."

"Lakini wewe huwindi—"

"Nimesema lifunge."

Mama ni mfupi, amelingana na Signe kimo. Alijiachia nyuma, akavuta pumzi mara mbili, tatu, kisha akaanza kujinyonganyonga.

"Uwi! Nitoeni humu! Hiki ni kiti au koleo? Umemtundika mtoto kama soseji ya kukaushwa, halafu unataka atabasamu?"

Baba aliitazama kamba shinani, akasogea mpaka uso wake ukakutana nayo.

"Kamba inatakiwa iwe usawa wa macho ya anayekaa," alisema polepole. "Hii iko usawa wa macho yangu."

"Na mtoto alikwambia?"

"Aliniambia. Siku ya kwanza." Alipiga goti kwenye majani mbele ya binti yake. "Nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli, nami nikakucheka."

Signe hakuona haraka ya kusamehe. Alijifuta machozi. "Sawa. Lakini safari hii naishusha mwenyewe. Wewe utakagua fundo."

Torsten alitoa macho. Baba alifikiri, kisha akakubali kwa kichwa.

Signe aliishusha kamba ya shina mpaka usawa wa macho yake mwenyewe. Akairefusha ile kamba fupi ya mbele shibiri moja, akalivuta tandiko chini kidogo hadi likashika mapaja, akaegemeza magoti mtini. Baba alikagua fundo, akalivuta kwa nguvu zake zote, likashika. Signe akajiachia. Hapakubana popote.

Michubuko ilipopoa, alijaribu upya nyuma ya ghala. Ng'ombe wa kwanza akakamuliwa, wa katikati, wa mwisho, na Signe yumo ndani, karibu asinzie.

"Mwaloni ni wako," alisema Baba.

Torsten hakutania. Alisimama akikwaruza ardhi kwa buti. "Baba... na langu linabana."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Mwaka jana, nilipomkosa yule kulungu dume mkanikata ncha ya shati mkaitundika ukutani, kama anavyofanyiwa kila anayekosa shabaha, sikuwa nahisi miguu yangu."

"We Torsten!" Signe alifoka. "Unaumia kama mimi, halafu unanicheka?"

"Nilidhani nikikucheka wewe, hakuna atakayeniuliza mimi."

Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawatazama wote wawili.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Uvumilivu ni mwema, lakini kuficha maumivu ni kujidanganya, na juu ya mti uongo mdogo unaweza kukuua. Hilo ni lenu. Langu ni kubwa zaidi: mzazi akimcheka mtoto aliyesema kweli, amemfundisha kusema uongo. Kuanzia leo, humu mwetu anayesema panauma hachekwi."

Signe alikuwa bado ana hasira na kaka yake. Hata hivyo alishuka, akamsimamisha Torsten karibu na shina, akaanza kupima kamba ifike usawa wa macho yake.