Jua Ukutani

Kila asubuhi mimi humpa baba mkate mkononi. Nikiuweka kwenye sinia, mkono wake huupita na kuangusha kikombe. Kisha hukikasirikia kikombe.

Baba yangu, Muzaffar, hupima jua na nyota hapa Damaski. Chombo chake ni asturlabu, sahani ya shaba yenye upau wa matundu mawili. Nyota huchunguliwa kwenye matundu hayo. Baba alilichungulia hata jua. Jicho la kulia likafa. La kushoto likaota doa jeusi katikati.

Jirani yetu Abu Mansur, tabibu wa macho, alikaa mbele yake.

"Unauona uso wangu?"

"Naona masikio. Katikati hamna kitu. Si hasara kubwa."

Abu Mansur hakucheka. "Jicho lililounguzwa na jua halina dawa, Muzaffar. Tunza hicho kilichobaki. Usilichungulie jua tena, hata likipatwa. Kipande kinachobaki wazi bado kinaunguza."

"Linapatwa kesho. Nimelingoja tangu ujana. Acha nipofuke, ila nilipime."

"Na Safwa bintiyo akuongoze mpaka lini?"

Nilikwenda jikoni nikalia.

"Lipe mgongo," nilimsikia tabibu akisema. "Funga chumba kiwe giza. Toboa tundu dogo dirishani. Jua litajichora ukutani."

"Huo mchezo wa watoto."

Kesho yake baba alishika asturlabu akaelekea ngazi ya darini. Nilimshika mkono kama kawaida, nikamwingiza stoo, nikafunga mlango kwa ufunguo, sote wawili ndani.

"Safwa, fungua."

Sikufungua. Aliupiga mlango. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Kisha alikaa chini akalia.

Mwanga ulipita kwenye tundu nililotoboa dirishani usiku, ukaweka kiduara ukutani. Polepole kikaanza kumegeka.

"Kimeliwa upande gani?" aliuliza hatimaye.

Hakukiona. Basi nilikwaruza ukingo wake kwa msumari, tena na tena. Alipapasa mikwaruzo na kuipima kwa upana wa vidole, mpaka jua likarudi zima.

Kipimo alikipata. Doa halijakua tangu siku hiyo. Lakini halitaondoka.

"Ulinifungia kama mbuzi," huniambia mpaka leo. "Niombe radhi."

"Masikio yangu unayaona?"

"Nayaona."

"Basi sikuombi radhi, baba."