Pampu Iliyofunikwa Gunia

Mume wako akikuaga mara ya tatu katika wiki moja kwamba anaenda kutafuta spea, na kila mara anarudi mikono mitupu, utafikiri nini? Mimi nilifikiri mwanamke.

Naitwa Atieno. Mume wangu ni Wangwe, fundi magari wa hapa Tarime, na miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu alikuwa dereva wa Machage. Machage alikuwa na mashimo ya dhahabu kule Genkuru, nyumba kubwa hapa mjini, na Benzi nyekundu ya zamani ya milango miwili, gari la mbio, aliyoitoa Nairobi. Gari lilipendeza kweli. Ila usukani wake ulikuwa mzito, na likikata kona lilipiga kelele kama mbuzi anayekabwa. Wangwe alisema pampu ya stelingi imekufa, ile inayosukuma mafuta ili usukani uwe mwepesi. Machage akamwambia atafute nyingine, na achague yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Alilirudia hilo neno. Kwa mkono wake.

Mimi kazi ile sikuipenda tangu mwanzo. Dereva aliyetangulia alikuwa Odoyo, Mjaluo mwenzangu. Jioni moja aliliacha gari barabarani kule Genkuru, akaanza kutembea kuelekea shimoni. Mama muuza uji akamwuliza, "Omera, ndugu yangu, wapi tena?" Odoyo akajibu, "Sijui, mama. Nimegeuka tu." Akaingia, na hakutoka. Wengine walisema ni pombe. Wengine walisema ni ndagu, dawa ya utajiri ambayo bei yake ni roho ya mtu. Nilipomsihi Wangwe aache kazi, alinicheka.

"Mama Robi, wewe hata kuku akikohoa unasema ametumwa."

Sawa. Lakini wasiwasi ndiyo akili. Na mara zote mbili aliporudi mikono mitupu, nilimnusa mikono wakati ananawa. Haikunuka manukato. Ilinuka udongo mbichi, na kiangazi kilikuwa kikali. Mwanamke gani ananuka udongo?

Basi jioni ile nikamwacha binti yetu Robi kwa jirani, nikachukua kikapu changu cha mboga, nikasema leo tunaenda wote.

Mzee Abdurahmani alikuwa na uwanja wa magari mabovu kando ya barabara ya Sirari. Asili yake Tanga, lakini alizeekea huku. Tulimkuta amekwisha kunja mikono ya kanzu, birika la udhu liko miguuni. Alipomwona Wangwe, uso wake ulibadilika.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja naye." Akageuka haraka, akaweka pampu juu ya boneti ya gari bovu. "Leo nimekupatia, kijana. Imetoka Migori, kwenye Benzi kama hiyo hiyo ya tajiri wako."

Wangwe alishanifundisha. Pampu ya stelingi inachaguliwa kama kuku sokoni, unaishika kwanza ndipo unauliza. Unazungusha puli, lile gurudumu dogo la mbele, kwa vidole. Ikiwa ngumu, imekauka. Ikichezacheza, beringi zimekwisha. Halafu unanusa tundu la mafuta, na ukisikia harufu ya kuungua, unaiacha hapo hapo. Nikaishika mimi, maana yeye alikuwa amesimama tu. Puli ikazunguka laini. Nikanusa, nikasikia mafuta na si kingine. Nikatazama ndani ya tundu, sikuona hata chembe ya chuma.

"Baba Robi, hii ni nzima."

Alikuwa ametazama nyuma ya uwanja, kwenye pikapu isiyo na magurudumu. Chini yake palikuwa na kitu kimefunikwa gunia.

Krr...

Nilidhani ni panya. Wangwe alianza kwenda kule, taratibu, na mzee akaita kwa sauti ya chini, "Kijana. Acha hiyo."

Hakuacha. Alifunua gunia.

Ilikuwa pampu ya stelingi kama ile nyingine, ila imegandwa na udongo mwekundu, na ile harufu ikanipiga usoni. Udongo mbichi. Udongo wa shimoni. Haikuwa na mkanda, haikufungwa kwenye injini yoyote. Lakini puli yake ilikuwa inazunguka... pole pole... kisha ikasimama, ikamsubiri.

Wangwe akaweka mkono juu yake, akaizungusha mzunguko mmoja mzima.

"Ndiyo hii," akasema.

"Hata hujainusa!"

"Ndiyo hii."

Sauti ilikuwa yake, lakini ya mtu anayeongea usingizini.

Mzee alinivuta kando. "Hii pampu aliileta Machage mwenyewe," akaninong'oneza. "Akasema, iweke hapo, dereva wangu atakuja kuchagua. Sasa niambie, mwanangu. Mtu ana pampu yake. Kwa nini ailete kwangu, halafu amtume mtu aje kuinunua?"

Akamtazama Wangwe, bado ameinamia ile pampu.

"Na Odoyo alichagua hapa hapa. Mara mbili nimeificha, mumeo amekuja akazunguka uwanja kama anayetafuta ng'ombe wake. Nikaenda mpaka Migori kumtafutia hiyo nyingine. Nimechelewa. Ameshaigeuza."

Kisha akapaza sauti kama mfanyabiashara. "Haya, lete niifunge! Nenda kanawe pale kwenye pipa, huwezi kwenda kwa tajiri na mikono hiyo."

Wangwe alipoinama kwenye pipa, mzee alifunga ile nzima kwenye gunia. Ile nyingine akaitumbukiza kwenye kikapu changu, chini ya mboga.

"Isibaki kwangu," akanong'ona. "Wala usiitupe, wala usiipige nyundo. Mumeo na hiyo sasa ni kitu kimoja. Itunze, na asiishike mtu mwingine."

"Mpaka lini?"

Alichukua birika lake akaenda kunawa.

Njiani Wangwe alitangulia na gunia lake begani, nami nyuma na kikapu. Alipokata kona kuingia mtaa wa soko, kikapu kilivuta mkono wangu upande ule ule. Nikasema ni uzito. Akakata kona ya pili, kikapu kikavuta tena. Nilisali mpaka tukafika. Yeye alipeleka gunia kwa Machage, maana tajiri alitaka pampu ilale kwake kabla ya kufungwa. Mimi niliingiza ile yenye udongo ndani ya chungu kikubwa jikoni, nikafunika.

Kesho yake, jua likizama, Machage akaja kwangu.

Alikuja kwa miguu. Mtu ambaye hata sigara ya duka la jirani alikuwa anaifuata kwa gari! Alisimama nje ya mlango, shati limelowa jasho.

"Mke wa Wangwe."

"Shikamoo."

"Marahaba. Wangwe yuko?"

"Yuko mazoezi ya kwaya."

"Mama, mmeniletea chuma." Aliongea pole pole. "Nimekizungusha mchana kutwa. Laini kabisa. Lakini hakuja mtu."

Nikashika fremu ya mlango pande zote mbili, nikamzibia njia.

"Sikuelewi, mzee. Si ndiyo aliyochagua?"

Krr... ikasikika jikoni.

Machage akainua uso. Pua yake ilikuwa inacheza. "Ndani kuna nini?"

"Mtoto. Anachezea jiwe la kusagia."

"Mama!" Robi akaita, kutoka nyuma yake, ndiyo anatoka kwa jirani.

Machage akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisogea karibu, akanong'ona kama mtu tunayesali naye benchi moja.

"Nipe, mama. Huyu binti atasoma mpaka achoke. Shimo halijui kusubiri. Likikosa wake, linachukua aliyeahidi."

"Hatua moja tu, Machage, na nitapiga yowe."

Anajua yowe ni nini huku kwetu. Ukipiga yowe, wanaume wanatoka kila boma na mapanga, wakidhani ni wezi wa ng'ombe, na maswali yanaulizwa baadaye. Alirudi nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kumwogopa, lakini mtu aliyeondoka mlangoni kwangu jioni ile alikuwa anaogopa kuliko mimi. Na alikuwa anatembea upande ambao nyumba yake haikuwepo.

Asubuhi habari zilifika mtaani. Usiku alirudi kwake kuchukua Benzi, nayo ilikutwa Genkuru, injini inawaka, usukani umegeuzwa mpaka mwisho, gari linalia peke yake. Kandambili za Machage zilikuwa ukingoni mwa shimo, zimepangwa vizuri kama mlangoni mwa msikiti. Watu walisema dhahabu ilikuwa imemwishia na akakata tamaa. Inawezekana. Nilikimbia kwa mzee Abdurahmani nimwulize nifanye nini na ile iliyobaki, nikakuta uwanja umefungwa kwa mnyororo. Amerudi kwao Tanga, wakasema, bila kuaga.

Nikabaki na chungu.

Sabato moja mchana, Wangwe amelala kwenye mkeka chini ya dirisha, nikaitoa pampu niifute. Niliogopa isije ikakauka. Ikigoma kuzunguka, itakuwaje kwake? Nikatia mafuta tone moja, nikageuza puli kulia ili yaingie.

Wangwe akajigeuza kulia.

Nikatulia. Nikasema moyoni, Atieno, watu wanajigeuza usingizini. Nikageuza kushoto.

Akajigeuza kushoto.

Nyasaye, Mungu wangu! Nililia bila sauti, kitambaa mdomoni. Alipoamka alikuwa anatabasamu kidogo. "Nimeota niko kwenye gari," akasema, "ila aliyeshika usukani si mimi." Niliapa siku ile. Sitaigusa tena isipokuwa kuipaka mafuta, na kwa pamba, puli isitikisike. Nampenda mume wangu. Sikumwokoa kwa Machage ili awe mtumwa wa mtu mwingine.

Kiapo hicho kilidumu mpaka wiki iliyopita.

Wangwe ana gereji yake sasa. Jioni alinawa, akavaa shati la kwaya, akasema, "Mama Robi, nafika Sirari mara moja. Natafuta spea."

"Spea gani?"

"Spea tu."

Mara ya tatu katika wiki moja. Nilimnusa alipopita mlangoni, na safari hii haukuwa udongo. Yalikuwa manukato.

Nilisikia hatua zake zikienda kwenye changarawe. Nilisimama jikoni. Nilijiambia, Atieno, mwache, mwanamume akitaka kwenda aende, na akirudi arudi kwa miguu yake. Nilijiambia hivyo huku nafunua chungu. Puli ilikuwa ya baridi, na laini, na ilikaa mkononi mwangu vizuri sana.

Niligeuza kidogo tu.

Nje, hatua zikasimama.

Nikageuza tena. Changarawe ikalia, zikarudi, moja baada ya nyingine, hazina haraka. Nilifunika chungu, nikafuta vidole kwenye kanga. Mlango ukafunguka. Wangwe alisimama pale, macho yake yananitazama lakini hayanioni.

"Vipi, umerudi?" nikamwuliza.

"Sijui, Mama Robi. Nimegeuka tu."

Nilipaswa kupiga yowe. Badala yake nilisikia furaha, furaha ya kweli, mume wangu yuko nyumbani na jua halijazama. Nikampakulia ugali na dagaa, akala mpaka akamaliza, nami nikakaa karibu na chungu.