Mlango wa Utani

Ngassa Balele alisema jambo moja jukwaani, na uwanja mzima ukasikia jingine.

"Nikichaguliwa, mkataba wa maji na Ushimba sitautia saini!" alinguruma, mishipa ya shingo imemsimama. Pumzi tatu baadaye vipaza sauti vikatoa sauti yake ile ile, yenye mkwaruzo ule ule wa mvuta tumbaku: "Nikichaguliwa, mkataba wa maji na Ushimba nitautazama kwa moyo wa ujirani mwema." Kwenye viwambo vikubwa midomo yake ilicheza sawasawa na maneno hayo mapya. Watu wa mji wa Kinaga wakapiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mgeni rasmi aliyechelewa kufika.

Ndani ya gari la mitambo lililoegeshwa pembeni mwa uwanja, Mhandisi Nyamizi Shigela aliyasikia yote mawili, kauli mbichi kwenye sikio la kushoto na kauli iliyopozwa kwenye la kulia. Alivua visikilizio, akavitazama, akavivaa tena. Kazi hiyo aliizoea, lakini leo hakupenda alichokisikia.

Mtambo ule uliitwa kipoza-kauli, na aliyeubuni ni yeye. Ulikuwa na kazi moja: mgombea akizitaja nchi za nje kwa matusi au kwa wito wa vita, mtambo uyabadili maneno yake kabla hayajawafikia watu. Jukwaa lilizungukwa na ukuta wa ukimya, mawimbi yanayomeza sauti, ili mgombea asisikike ila kwa kupitia vipaza sauti. Redio, simu na viwambo vya majumbani vilipokea kilichopozwa tu. Mgombea aliyethubutu kuzungumzia nchi za nje mahali pengine popote wakati wa kampeni alifutwa ugombea, na habari yake ikaishia hapo.

Wananchi wa Unyasi waliijua sheria hiyo na wengi waliipenda, maana walikumbuka ilikotoka. Miaka mingi nyuma mgombea mmoja alipayuka kwamba kivuko cha ziwani ni cha Unyasi peke yake. Vijana wakaenda kukichukua, na Washimba wakawangoja ng'ambo na silaha. Lusangija, kaka yake Nyamizi, alirudishwa nyumbani amefunikwa turubai.

Ndiyo maana Nyamizi aliutengeneza mtambo ule, na kila tusi lililozimwa humo lilimpa amani kidogo. Lakini "sitautia saini" ni tusi gani?

Akafungua vipimo vya joto la maneno, vile vinavyoamua lipi lipozwe. Neno "mkataba" yeye mwenyewe aliliwekea joto dogo, sawa na "karibu" au "asante". Sasa lilikuwa juu kuliko "vita". Na jana yake mgombea wa chama kilichoko madarakani alilitaja neno hilo hilo mpaka likachosha, wala halikuguswa. Mtu alikuwa ameingia jikoni kwake bila kubisha hodi.

Alimpigia Mkurugenzi Kahabi wa Tume ya Utulivu, bosi wake.

"Binti yangu," Kahabi alijibu kwa sauti laini ya mtu anayekunywa chai, "hayo ni marekebisho madogo ya kiusalama. Washimba ni wepesi wa kukasirika. Wewe unalijua hilo kuliko sisi sote."

"Lakini Mkurugenzi, hakuwatukana. Amesema hatasaini tu."

"Anayekataa mkataba ameshatukana. Kapumzike, mama. Umechoka."

Nyamizi hakuwa amechoka hata chembe. Alimfahamu mzee yule: akianza kumwita mtu binti na mama katika mazungumzo yale yale, kuna kitu kakifukia.

Mafundi walipokuwa wanafungua jukwaa, Ngassa alikuja mwenyewe mpaka mlangoni mwa gari, koti begani, jasho linamtiririka.

"Hodi, Mama Mhandisi. Nina swali moja. Mke wangu kaniuliza kwa nini nimeuza ziwa. Nikamwambia sijauza, nimepinga. Kanitazama kama mtu mwenye homa, maana alinisikia kwa sauti yangu mwenyewe. Sikumtukana mtu; mnanifanyia nini humu ndani?"

Sheria ilimtaka Nyamizi aseme hana mamlaka ya kujibu. Badala yake aliuliza, "Huo mkataba una nini?"

"Washimba wanafunga pampu ng'ambo ya ziwa. Watavuta maji miaka hamsini. Gati letu litabaki kwenye tope, na visima vya Kinaga vitakauka kimoja baada ya kingine. Saini inawekwa uchaguzi ukiisha tu, na mkutano wangu wa mwisho ni keshokutwa."

"Na mimi unajuaje kama si mtu wa hao walioko madarakani?"

"Sijui," alisema Ngassa. "Ila sina mwingine wa kumuuliza."

Nyamizi aliwatazama mafundi. Mmoja alikuwa anakunja waya ule ule kwa muda mrefu mno. Akashusha sauti.

"Kuna mlango," alisema.

Akamweleza. Siku ya kumzika Lusangija, alikuja mama mmoja wa Kishimba, mtani wao. Vita havijapoa, damu haijakauka, naye akavuka ziwa kuja kutimiza utani. Alishuka kaburini, akajilaza chali, akaapa: "Kaburi hili langu! Marehemu alikuwa mvivu, akatafute pengine. Sitanii! Sitoki humu mpaka nilipwe!" Watu wakamtupia sarafu mpaka akatoka. Mama yake Nyamizi, ambaye tangu maiti ifike hakuwa amefungua mdomo, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha ndipo akaweza kulia.

"Sikuwa na moyo wa kuuzima utani," alisema Nyamizi. "Niliufundisha mtambo kuutambua. Ukianza na 'watani zangu' na sauti yako ikawa na kicheko, hata useme nini juu ya Washimba, haukugusi. Sijamwambia mtu."

Ngassa pia alikuwa na mashaka yake, na hakuyaficha. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Siku ya mkutano wa mwisho uwanja ulifurika hadi barabarani. Nyamizi aliketi kwenye gari, visikilizio masikioni.

"Watani zangu Washimba!" Ngassa alianza, sauti imejaa kicheko. "Wala vyura nyie! Tangu lini mkaoga, hata mtamani maji yangu? Eti mnaniletea pampu! Mtalifyonza ziwa miaka hamsini, gati langu likae kwenye tope, mimi nibaki naoga machozi ya mama mkwe! Na wakubwa zangu hawa wameshawakubalia, kalamu wameificha mfukoni wanangoja nipige kura!"

Kushoto na kulia Nyamizi alisikia maneno yale yale. Kila neno lilipita. Akajikuta amesimama kwa furaha.

Kisha akachungulia dirishani. Watu walikuwa wanacheka. Wazee walijipigapiga mapaja, akina mama walifuta machozi kwa ncha za khanga. Mama mmoja karibu na gari alimwambia mwenzake, "Huyu bwana atatuua! Kura simpi, lakini utani anaujua."

Ngassa naye aliliona hilo. Kicheko kikamtoka usoni.

"Jamani, sasa sitanii," alisema polepole. "Haya ni kweli tupu. Ziwa linauzwa."

Bila kicheko, mlango ulijifunga, na sikio la kulia likamletea Nyamizi sauti ile ile ya mkwaruzo: "Jamani, nawatania tu. Msitie moyoni. Ziwa letu liko salama."

Nyamizi hakufikiri. Alishika waya mkuu kwa mikono miwili, akaung'oa. Taa za mtambo zikazimika, viwambo vikawa vyeusi, ukuta wa ukimya ukaanguka. Kwa mara ya kwanza katika kampeni nzima, Kinaga ilisikia koo la mtu, tupu.

"Sitanii!" Ngassa alipiga kelele. "Wallahi sitanii!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko kuliko mwanzo. Kuna mtani gani asiyeapa kwamba hatanii?

Simu ya Nyamizi ikaita. Alijua ni nani.

"Rudishia waya, binti yangu," alisema Kahabi kwa sauti yake laini. "Hakuna kilichoharibika. Ule mlango wako tuliuona tangu mwaka wa kwanza. Wenzangu walitaka tuuzibe, mimi nikawakatalia. Nikawaambia, uacheni, siku moja utatufaa: ukweli ukipitia humo nao utachekwa."

Nyamizi alibaki na waya mkononi. Alijiona mjinga, na alijiona muuaji, aliyemzika mtu angali hai. Nje, Ngassa alikuwa bado anaapa, sauti imemkauka, macho ameyaelekeza kwenye gari. Na watu wa Kinaga, kwa upendo wote, walikuwa wanamtupia sarafu jukwaani, ili atoke kaburini.