Dansi ya Chiriku

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia nyumba ya wageni ambako mama yake alikuwa dobi. Mama alishika ncha mbili za shuka, yeye akashika mbili, wakaikung'uta mara tatu na kuikunja. Waliomwita Chiriku walijua mdomo wake haupumziki. Mdomo ukichoka, miguu inaanza. Hapo uani, kati ya kamba za kuanikia, alitunga dansi yake: kung'uta, kamua, ruka dimbwi, geuka, bana kibanio. Ilimchukua wiki tatu.

Wa kwanza kuiona alikuwa rafiki yake, aliyeitwa Pacha kwa sababu wawili hao hawakuwahi kuachana tangu darasa la kwanza.

"Nifundishe, shoga yangu," Pacha alimbembeleza.

Chiriku alimfundisha hatua kwa hatua, mpaka akaiweza barabara.

Jumatatu iliyofuata, Chiriku alikuta wanafunzi nje ya lango la shule wakikung'uta shuka zisizoonekana. Alifurahi mno, akajiunga nao.

"Wewe, unakosea!" mvulana mmoja alimkatiza. "Hapo inatakiwa uruke kwa mguu wa kulia. Kamwangalie Pacha, mwenye dansi yake."

Muuza madaftari aliyekuwa karibu akamwonyesha video kwenye simu yake. Pacha alikuwa akicheza, na chini pameandikwa: "Dansi mpya, nimeitunga mwenyewe." Maelfu ya watu walikuwa wameipenda.

Wakati wa mapumziko Chiriku alimfuata. "Pacha, mbona umenifanyia hivi?"

Pacha alitazama pembeni. "Acha kukuza mambo. Dansi haina mwenyewe. Kwani uliiandika jina?"

Wenzao wakaangua kicheko. Pacha naye akacheka. Chiriku akageuka, akaenda zake.

Jioni yeye na mama walikunja shuka nne bila neno. Mama akamtazama. "Leo mdomo umeusahau wapi, mwanangu?"

Chiriku alilia, akaeleza yote. Mama hakugomba. Alijifuta mikono, akamshika mkono, wakaenda mpaka studio ya dada yake Pacha, aliyekuwa mpiga picha. Video ilikuwa imerushwa kwa akaunti ya dada huyo. Pacha mwenyewe alikuwa humo, akifagia.

Dada aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mdogo wake. "Uliniambia ni yako. Ni kweli?"

Pacha aliushika ufagio kwa mikono miwili. "Nilitaka na mimi nisifiwe," alisema kwa sauti ndogo. "Yeye kila mtu anamsifu."

"Mwaka jana mtu alichukua picha yangu akaibandika kwenye bango lake," dada alisema. "Mpaka leo napita njia nyingine nisilione. Na wewe umeyafanya yaleyale kwa simu yangu?"

Aliifuta video ile. Kisha akamsimamisha Pacha mbele ya kamera, na Pacha akasema huku machozi yakimtoka kwamba dansi ilitungwa na Chiriku, naye alidanganya. Chiriku akacheza mwenyewe, akaruka kwa mguu wa kushoto. Dada akaandika jina lake chini ya video.

"Nisamehe," Pacha alisema.

"Video haikuniuma sana," Chiriku alijibu. "Waliponicheka, na wewe ulicheka."

Pacha aliinamisha kichwa. Dada akamwekea mkono begani.

"Kucheza dansi ya mwenzako ni ruhusa, mdogo wangu. Ila umtaje. Kuandika jina lake ni kazi ya nusu dakika. Kuirudisha imani yake ni kazi ya muda gani, sijui. Muulize mwenyewe."

Pacha aliuliza.

"Bado sijui," Chiriku alisema, akipangusa macho. "Lakini kesho nipitie, twende shule."